Mke Aliyesaini Rehani Alikuwa na Pengo

Niliamka Jumanne moja nikakuta ukuta wa mbele wa nyumba yangu umeandikwa kwa rangi nyekundu, herufi kubwa kama za bango la mkutano wa injili:

NYUMBA HII HAIUZWI.

Rangi ilikuwa bado mbichi.

Aliyeandika alikuwa mke wangu. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda anaosha brashi kwa mafuta ya taa, ametulia kama mtu anayeosha vikombe.

Sasa unielewe vizuri. Mimi nilijua nyumba inauzwa. Kitu ambacho sikukijua ni kwamba na yeye anajua.

"Mama Drateru," nikasema, "hii ni nini?"

"Maandishi."

"Naona ni maandishi. Ya nini?"

"Kuna watu wanajua kusoma watapita hapa leo. Chai iko mezani. Haina sukari."

Sukari ilikuwepo. Niliiona. Sikuuliza tena.

Naitwa Andama. Nina miaka sabini na moja. Miaka thelathini nilifanya kazi ya kupanga madaraja ya tumbaku: mkulima analeta majani yake, mimi nayashika, nayanusa, nasema hili la kwanza, hili la tatu, hili kawashie jiko. Hakuna jani lililowahi kunidanganya. Watu ndio walikuwa wananishinda.

Shule niliishia darasa la tano. Yaliyobaki nimejisomea mwenyewe, ndiyo maana najua mambo mengi ambayo si kweli.

Nyumba yenyewe iko mtaa wa Oli, hapa Arua, kaskazini magharibi mwa Uganda, juu kidogo ya mto. Matofali ya kuchoma, vyumba vinne, na nyuma kuna viwili vya wapangaji. Ina hati ya ardhi, karatasi halisi ya serikali, kitu ambacho nusu ya mtaa wetu hawana. Niliijenga tofali kwa tofali na kiinua mgongo changu. Zaidi ya nyumba hiyo sina mali nyingine duniani, ukiacha baiskeli moja na maneno.

Mke wangu ni Agnes Keji, Mkakwa wa kijiji cha Kuluba, upande wa Koboko. Tumeishi pamoja miaka thelathini na nane.

Basi, miezi kadhaa kabla ya ile Jumanne nikapata wazo.

Wazo langu lilikuwa mashine ya kusaga. Kijijini kwao Agnes wakati huo akina mama walikuwa wanabeba mahindi kichwani mpaka Koboko mjini kusaga. Nikasema nitawapelekea mashine mlangoni, watanishukuru, nitakuwa mkwe wa maana. Pesa sikuwa nayo. Nyumba nilikuwa nayo. Nikaenda benki.

Benki ya pale mjini Arua nilikuta dada mmoja mpole, anaitwa Ritah. Akanikaribisha kiti.

"Mkopo upo, mzee. Riba ni asilimia ishirini na moja kwa mwaka. Tuletee hati ya ardhi, tutume mtu wa kukadiria thamani ya nyumba. Na uje na mama."

"Mama gani?"

"Mama wa nyumbani. Nyumba ambayo familia inaishi haiwekwi rehani bila ridhaa ya mke. Ndiyo sheria. Na tutamweleza yeye peke yake, wewe ukiwa nje."

"Kwa nini mimi niwe nje?"

"Ili akikataa, akatae vizuri."

Nikamwambia mama ana homa.

"Pole. Tutamsubiri apone."

"Ni homa ndefu," nikasema, nikachukua kofia yangu.

Ukweli ni kwamba Agnes angekataa. Nilimjua. Angeuliza mashine imetoka wapi, fundi wake ni nani, ikiharibika spea zinapatikana wapi. Maswali ya namna hiyo yanaua wazo likiwa bado changa.

Nikapanda gari mpaka Koboko. Kule kulikuwa na kampuni mpya ya mikopo. Jina lake nalificha, nitaiita Fasta. Ofisi ilikuwa na kijana mmoja mwenye viatu vyenye ncha, anaitwa Swaib. Aliponiona tu akasimama.

"Mzee wangu. Benki wamekwambia ngapi?"

"Ishirini na moja."

Akanitazama kwa huruma, kama mtu aliyesikia nimefiwa.

"Sisi tatu."

"Tatu?"

"Tatu tu. Na chupa ya chai juu, zawadi ya kampuni."

Ndugu yangu unayesoma, nilijiona kama msichana aliyeposwa na wanaume wawili siku moja. Tatu na ishirini na moja. Hata mtoto wa chekechea anajua ipi ndogo.

Kumbe tatu ya Swaib ilikuwa kwa mwezi. Hakudanganya. Mimi ndiye sikuuliza. Tatu mara kumi na mbili ni thelathini na sita, na hiyo hesabu nilikuja kuifanya miezi mingi baadaye, nikinywa chai kutoka kwenye chupa yao.

"Mama iko?" Swaib akauliza.

"Iko."

"Basi akuje asaini. Hapa kwetu hakuna maneno mingi."

Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo mpaka leo mabinti zangu wakilisikia wanatoka nje.

Nina dada yangu mdogo, Concy, ameolewa hapohapo Koboko. Nilimkuta anamenya mihogo. Nikamweleza shida yangu.

"Kaka, unataka mimi niwe mke wako?"

"Kwa dakika kumi tu."

"Na wifi akijua?"

"Atajulia wapi?"

Akafikiri. Akasema kitenge cha kawaida hakitoshi, anataka kile kizito cha kutoka Kongo. Tukakubaliana.

Nilikuwa nimebeba fotokopi ya kitambulisho cha Agnes. Mashine ya fotokopi ilikuwa mbovu, uso ulitoka mweusi tupu. Katika karatasi ile hata mimi ningeweza kuwa Agnes. Swaib aliitazama mara moja, akamtazama Concy, akapiga muhuri. Concy akasaini jina la wifi yake kwa mwandiko mzuri kuliko wa mwenyewe. Akatabasamu. Concy ana pengo la meno mawili mbele, hana aibu nalo.

Milioni ishirini zikaingia kwenye simu na mkononi. Hati yangu ikabaki Fasta.

Mashine niliinunua ng'ambo ya mpaka, Ariwara, Kongo, kwa mtu mmoja aliyeapa kwa jina la mama yake kwamba ni mpya. Tukaifunga Kuluba. Wiki tatu ilisaga vizuri, watu wakanisalimia kwa mikono miwili.

Wiki ya nne ikaanza kujisaga yenyewe.

Nasema kilichotokea. Tulikuwa tunakuta vyuma ndani ya unga. Kuna mama mmoja alilalamika kwamba sufuria yake ya ugali inavuta sindano. Fundi alikuja kutoka Koboko, akaifungua, akaitazama ndani kwa muda mrefu, akavua kofia.

Mwezi wa kwanza nikakosa rejesho. Wa pili pia. Wa tatu, Swaib akaniletea barua mkononi pale stendi, kwa adabu kabisa. Barua ilisema nimeshindwa kulipa, nina siku arobaini na tano kurekebisha, la sivyo wataichukua nyumba.

Nikaikunja nikaiweka kwenye mfuko wa koti ambalo silivai. Nikaanza kusubiri. Nilikuwa nasubiri nini, usiniulize.

Lakini Fasta walikuwa wametuma nakala nyingine kwa "mke wa mkopaji", kwenye anwani iliyoandikwa kwenye fomu. Yaani kwa Concy.

Concy hakulala siku mbili. Siku ya tatu akapanda gari la asubuhi mpaka Arua, akamfuata Agnes sokoni, kwenye meza yake ya njugu za kusaga.

"Wifi," akamwambia, "kuna barua yako imepotea njia ikaja kwangu."

Agnes akaisoma. Akamuuliza Concy maswali mawili matatu. Akampimia njugu kilo moja ya bure, akamwambia asante, rudi salama, usimwambie kaka yako kitu.

Na yeye hakuniambia kitu. Wiki sita alinipikia, akanifulia, akaniuliza habari za mashine, nikamjibu inaendelea vizuri. Akasema, Mungu ni mwema.

Hayo yote niliyajua baadaye, hata kwamba Fasta walimpigia Concy simu kumtajia siku ya kuleta mnunuzi, naye akampasha wifi yake. Turudi kwenye ile Jumanne ya ukuta.

Saa nne asubuhi likaja gari jeupe. Akashuka Swaib na viatu vyake, na nyuma yake bwana mmoja mfanyabiashara wa mbao, ana kofia pana. Yule bwana hakusalimia. Akaanza kupima ua wangu kwa hatua, moja, mbili, tatu, akafika kwenye ukuta akasimama. Akasoma. Akasoma tena.

"Swaib," akasema, "hapa pameandikwa haiuzwi."

"Hayo ni maneno ya watoto, bosi."

"Ni ya kwangu," Agnes akasema kutoka barazani. "Karibuni."

Swaib akavuta shati lake vizuri. "Shikamoo mama. Wewe ni nani hapa?"

"Mimi ni Agnes Keji."

"Hapana, mama. Agnes Keji mimi namjua. Alisaini mbele yangu, na macho yangu haya mbili."

"Yukoje huyo Agnes?"

"Mfupi kidogo. Ana pengo hapa mbele."

Agnes akafungua mdomo. Akamwonyesha meno yake yote, kwa utaratibu, ya juu kwanza, halafu ya chini, kama anamwonyesha daktari. Hajang'oa hata moja. Kisha akatoa kitambulisho chake kwenye mkoba, akakishika karibu na uso wake, akangoja.

Swaib akatazama kitambulisho. Akatazama uso. Halafu akageuka akanitazama mimi, nami nikawa natazama kuku.

"Mzee," akasema polepole, "yule mama alikuwa nani?"

"Ni ndugu," nikasema.

"Ndugu wa nani?"

"Wangu."

Yule bwana wa mbao alikuwa amesharudi ndani ya gari. Alikaa kiti cha mbele, akafunga mkanda, akatazama mbele.

Gari lilipoondoka, Agnes akaingia ndani akavaa viatu.

"Twende," akasema.

"Wapi?"

"Kwa wakili. Nimeshapanga nafasi. Na ulete ile barua iliyo kwenye koti."

Wakili ni binti mmoja anaitwa Patience, ana ofisi ndogo juu ya duka la vipuri, anasaidia watu wasio na uwezo. Alikuwa na faili tayari. Juu yake pameandikwa jina la mke wangu, si langu.

"Mzee, ulipewa siku ngapi?"

"Arobaini na tano. Zimeisha Ijumaa."

"Ulihesabu vipi?"

"Kwa kalenda."

"Na Jumapili?"

"Na Jumapili. Zina kosa gani?"

"Sheria inasema siku za kazi. Jumamosi hazimo, Jumapili hazimo, sikukuu hazimo. Bado una wiki mbili na ushee."

Nilikaa vizuri kwenye kiti.

"Na zikiisha," akaendelea, "bado hawauzi. Lazima wakuletee notisi ya pili, ya kuuza. Siku ishirini na moja, nazo za kazi. Ndipo watangaze, ndipo mnada wa hadharani. Na mpaka dalali agonge nyundo, ukifika na pesa yao yote wanakurudishia hati yako. Kuleta mnunuzi aje kupima ua kwa miguu, hilo halimo."

"Kwa hiyo nimepona."

"Subiri. Kubwa zaidi ni hili: rehani ya nyumba ya familia bila ridhaa ya mke haisimami. Na kuhakikisha kwamba aliyesaini ndiye mke, hiyo ni kazi ya mkopeshaji. Fasta walitazama fotokopi nyeusi."

"Basi tumeshinda."

"Mama anaweza kushinda," Patience akasema. "Wewe ulileta mke wa bandia. Hiyo inaitwa kughushi, mzee. Watu wanafungwa. Na dada yako pia."

Nikaiweka ile barua juu ya meza yake.

"Na milioni ishirini ulizila kweli. Hilo deni ni lako hata nyumba ikipona. Sasa naomba utoke nje kidogo, niongee na mteja wangu."

Mara ya pili ndani ya mwaka mmoja, naambiwa nikae nje ili mke wangu aongee. Nilikaa kwenye ngazi karibu nusu saa. Agnes alipotoka, uso wake ulikuwa hauna habari yoyote.

"Mambo yanakwenda," akasema. "Ila kuna shida moja. Hao Fasta watauliza kama mimi ni mke wako kweli."

"Mtaa mzima unajua."

"Mtaa si karatasi. Mahari yangu ulilipa ng'ombe wangapi?"

Nikatazama chini, kwenye duka la vipuri.

"Wawili."

"Kati ya wangapi?"

"Sita."

"Basi," Agnes akasema, akaanza kushuka ngazi.

Lazima nieleze hapa, usije ukanifikiria vibaya. Mimi na Agnes tulioana mwaka wa themanini na sita, watu tukiwa tunarudi kutoka ukimbizini. Ng'ombe hawakuwepo. Kulikuwa na majani na watu waliokonda. Nikatoa ng'ombe wawili wadogo na mbuzi, wanne nikaahidi. Na kwetu, mkwe anayemaliza mahari yote haraka anaonekana kama anataka kufunga mlango. Ukibakiza kidogo, njia inabaki wazi, mnaendelea kutembeleana.

Mimi niliiweka njia wazi miaka thelathini na nane.

Sasa nilikuwa na wiki mbili. Mahari isipoisha, Agnes si mke. Agnes asipokuwa mke, ridhaa yake haina kazi. Ridhaa ikikosa kazi, nyumba inakwenda na mimi nakwenda gerezani na Concy na kitenge chake. Ndivyo nilivyoelewa. Siku mbili sikula vizuri.

Nikaenda Kuluba kwa shemeji yangu Lomoro, kaka mkubwa wa Agnes. Yeye ndiye mkubwa wa ukoo sasa. Nilimkuta anapalilia mtama. Hakuacha jembe.

"Shemeji," akasema, "naona umekuja. Umekuja na kamba ya ng'ombe?"

"Nimekuja na maneno."

"Maneno yako tunayo humu ndani tangu mwaka themanini na sita. Tumeyakamua, hayatoi maziwa."

"Nataka kumaliza mahari."

Hapo jembe likasimama.

"Unaumwa?"

"Siumwi."

"Umetabiriwa kitu?"

"Mkopo," nikasema.

Akatikisa kichwa taratibu. Akasema sawa, ng'ombe wanne, wazima, na yeye mwenyewe atawakagua.

Pesa ya ng'ombe wanne ni karibu milioni saba. Nilirudi Arua nikamwambia Agnes kwamba nimeshindwa, bora tuombe mahakama huruma. Agnes akaniambia kikundi chao cha akiba cha akina mama kinaweza kunikopesha. Yeye ni mweka hazina. Mkutano ni Alhamisi, niende nimenyoa.

Walikuwa kumi na wanane, wamekaa kwenye mikeka. Mimi peke yangu nilipewa kiti, na niliona mara moja kwamba si kwa heshima.

"Riba ni kumi na mbili," akasema mwenyekiti.

Nikauliza, "Kwa mwaka au kwa mwezi?"

Wakatazamana. Mmoja akasema, "Huyu ameanza kusoma."

"Kwa mwaka. Na dhamana?"

"Nyumba," nikasema.

"Nyumba ina mkopeshaji tayari," Agnes akasema bila kuinua macho kwenye daftari lake. Wakati huo hakuwa mke wangu, alikuwa mweka hazina. "Rehani ya kwanza iliyoandikishwa ndiyo inakula kwanza. Sisi tukija wa pili tutalamba sahani. Tunataka kodi ya vyumba viwili vya nyuma, ije moja kwa moja kwenye sanduku mpaka deni liishe."

"Lakini hiyo kodi ndiyo pesa yangu ya matumizi."

"Ndiyo maana tunaitaka."

Nikasaini. Halafu wakasema mke lazima aridhie. Agnes akafunga daftari, akahama upande, akakaa karibu yangu kama mke, akachukua karatasi ile na kuisoma neno kwa neno. Ilikuwa ukurasa mmoja. Aliisoma kama saa moja. Mwishoni akaomba kalamu.

Ng'ombe tuliwanunua mnadani, tukawapeleka Kuluba. Lomoro akawakagua mmoja mmoja: akafungua midomo, akavuta mikia, akawatembeza, akawanusa masikio. Miaka thelathini nilipanga madaraja ya jasho la watu wengine na sikuwahi kufikiria linavyouma ukiwa upande wa pili wa meza.

"Huyu amechoka," akasema juu ya wa tatu. "Mrudishe."

Nikamrudisha. Nikaongeza pesa. Nikaleta mwingine.

Siku ya kukabidhi, wazee wa ukoo walikaa, wakahesabu wawili wa zamani na wanne wa sasa, wakasema imetimia. Akina mama wakapiga vigelegele. Mzee mmoja akaniuliza kama mimi ndiye bwana harusi au nimemleta mjukuu. Agnes alivaa kitenge kipya cha bluu. Alisimama pembeni ya ua, karibu na kaburi la mama yake. Nilimwona akiinama kuondoa majani makavu juu ya saruji, moja moja, ingawa palikuwa safi.

Kesho yake tukaandikisha ndoa yetu ofisi ya tarafa, wenyewe tunaiita subkaunti. Karani aliuliza umri wa bibi harusi. Agnes akasema sitini na mbili. Karani akaandika bila kucheka, namheshimu mpaka leo.

Basi siku za notisi zikiwa zimebaki nne, tukakaa meza moja na Fasta, kwenye ofisi ya Patience. Swaib alikuja na meneja wake. Mimi nilikuwa na cheti cha ndoa kwenye bahasha, nimekishika kwa mikono miwili.

Patience akaanza kwa kufungua fomu yao wenyewe.

"Hapa pameandikwa: mke wa mkopaji, Agnes Keji. Nani aliandika?"

"Sisi," Swaib akasema.

"Huyu hapa ni Agnes Keji. Je, hii ni saini yake?"

Meneja akamtazama Agnes, akatazama saini, akamtazama Swaib. "Inaonekana hapana."

"Binti yangu," nikamnong'oneza Patience, "cheti."

Akanionyesha kiganja, nikae.

Wakaongea kama saa nzima. Meneja alisema mzee ametudanganya, twende polisi. Patience akasema twendeni, na pale polisi tutaeleza pia jinsi kampuni inavyokopesha kwa fotokopi nyeusi na kuleta wanunuzi kabla ya notisi kuisha, magazeti yatapenda. Meneja akanywa maji. Wakakubaliana hivi: rehani inafutwa, hati inarudi, kesi hakuna. Mimi nalipa milioni ishirini zao bila riba wala faini kwa miaka minne, toba yangu ikiwa ni kuuza chuma chakavu cha ile mashine kama malipo ya kwanza.

"Binti yangu," nikasema tena, safari hii kwa sauti, "cheti hiki hapa."

"Tumemaliza, mzee."

Fasta walipoondoka, nikamuuliza mbona hakukitumia.

"Cheti gani?"

"Cha ndoa. Nimemaliza mahari. Ng'ombe wanne."

Patience akafunga faili.

"Mzee, nani alikuambia mambo ya mahari?"

Nikageuka kumtafuta Agnes. Alikuwa ameshaanza kushuka ngazi.

"Mimi siku ile nilimwambia mama kitu kimoja," Patience akasema. "Fomu yao yenyewe imemwita mke. Hawawezi kumwita mke wakati wa kusaini, halafu wamkane wakati wa kukataa. Mahari hatukuigusa kabisa. Haikuwa na kazi hapa."

Nilimkuta Agnes barabarani, ananunua ndizi. Nikatembea naye mpaka karibu na daraja la mto.

"Mama Drateru. Ulinidanganya."

"Nilikuambia watauliza. Wangeweza kuuliza."

"Milioni saba."

"Na elfu mia tatu, kwa yule ng'ombe uliyembadilisha."

"Ungeniambia tu kwamba unataka."

Akasimama. Akahamisha mkungu mkono wa pili.

"Nilikuambia mwaka wa tisini. Nilikuambia Drateru alipobatizwa. Nilikuambia mama alipolala kitandani, akaniuliza kama utakuja na kamba kabla hajafunga macho, nikamwambia utakuja. Kila mara ulisema njia iko wazi. Unajua ningekufa mimi kabla, Lomoro angefanya nini? Angekaa mlangoni kwangu, maiti yangu isitoke mpaka ng'ombe wafike. Wewe ungekuwa unalia huku unatafuta ng'ombe kwa bei ya mtu mwenye msiba."

Nikanyoosha mkono kumpokea mkungu, hakuuachia.

"Mkopeshaji wa Koboko alikupa siku arobaini na tano ukakimbia," akasema. "Mimi nilikuvumilia mpaka nikapata mvi."

Akaendelea kutembea. Mimi nikabeba ndizi.

Sasa wewe uliyesoma mpaka hapa, chukua unachoweza. Ukiambiwa riba ni ndogo, uliza ni ya mwezi au ya mwaka, kabla hujapokea chupa ya chai. Ukipata notisi, usiifiche kwenye koti, ipeleke kwa mtu anayejua kusoma sheria siku hiyohiyo, maana siku ulizonazo ni nyingi kuliko unavyodhani lakini si za kulalia. Na kama nyumba ni ya familia, mpeleke mke mwenyewe akasaini. Akikataa, ushauri huo umeupata bure. Mimi niliyeukwepa bado naulipia, mahali pawili, kila mwezi.

Zaidi ya yote, kabla hujaogopa mkopeshaji mwenye ofisi na muhuri, mtazame yule unayekula naye. Huenda na yeye anakudai, ila hajawahi kukuandikia barua.

Hati ya nyumba imerudi. Sijui imewekwa wapi. Agnes anajua, na kila nikimuuliza ananijibu kwamba mimi sasa ni mume halali, nisiwe na wasiwasi.